Rangi ya Bata Mzinga na Kesi ya Vifaranga Watatu

Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo lo lote la maarifa nilijualo vema. Nimeona heri niandike juu ya bata mzinga na urithi wa rangi yake. Msicheke. Kwa ajili ya ndege huyo nilikosa muhula mzima wa masomo, na kwa kuzijua habari zake nilirudi darasani.

Kwetu ni Kafutuma, kando ya Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge. Watu wa kwetu huvua samaki na kulima mihogo. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na kwa sababu ya biashara Kiswahili huvuka maji pamoja na samaki na chumvi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa Pweto, nasi tulimwita Nkambo, kama waitavyo watu wa huko. Tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa sheria ili samaki wazae, na katika miezi hiyo mtu asiye na kitu kingine cha kuuza hupata taabu. Nkambo alikuwa na bata mzinga wawili, dume na jike, wote wa rangi ya shaba, yaani weusi wenye kung'aa kama shaba wapigwapo na jua. Makinda yao ndiyo yaliyolipa karo yangu.

Mwaka mmoja, katika likizo ya Agosti, jike lake liliatamia mayai 13. Siku ya 28 wakatoka vifaranga 11. Wanane walikuwa wa hudhurungi wenye michirizi, kama walivyo siku zote vifaranga wa shaba. Watatu walikuwa wa manjano tupu, na baada ya majuma machache manyoya yao yakawa meupe kama pamba.

Jirani yetu, mzee mmoja wa heshima, alikuwa na bata mzinga weupe, dume na jike. Jike lake lilikuwa likitaga majanini, na mayai kadha yalikuwa yamepotea. Alipowaona wale vifaranga weupe hakuuliza neno. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema chini ya mwembe, mbele ya watu. "Ndege weusi wawili watazaaje mweupe? Mayai yangu yameatamiwa na jike la mama huyu."

Nkambo aliapa kwamba hakugusa yai la mtu. Lakini alipoulizwa weupe ule umetoka wapi, hakuwa na jibu, na mimi kijana wake nisomaye sekondari sikuwa na jibu pia. Mkuu wa kijiji akaamua vifaranga watatu wakae kwa mzee, na wale wanane wasiuzwe mpaka jambo lieleweke. Tangu siku hiyo Nkambo alichota maji ziwani alfajiri mapema, kabla wanawake wengine hawajafika. Shule ilipofunguliwa mwezi wa Septemba, karo haikuwapo. Nikabaki Kafutuma.

Mwezi wa Oktoba nilikuwa nikibeba vikapu vya chisense sokoni Kashikishi. Nikasikia jina langu likiitwa. Alikuwa mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Aliniuliza kwa nini siko shuleni, nami nikamweleza kisa chote. Sikutazamia afanye lo lote. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Wazazi wa ndege hao wawili wa bibi yako walikuwa wa rangi gani?"

Sikujua. Nilirudi nyumbani nikamwuliza Nkambo. Alifikiri kidogo, kisha akasema aliwanunua wakiwa wadogo katika kapu moja, kwa mama mchuuzi aliyetoka Pweto. "Katika kapu lile alikuwamo na mweupe mmoja," akasema. "Sikumtaka, maana mwewe humwona mweupe upesi."

Nilipompelekea mwalimu habari hiyo alifurahi sana. Akanunua maharagwe mekundu na meupe, akaketi nami penye kivuli, akanifundisha nitakayowaeleza sasa. Yafaa kila mwanafunzi ajaribu mwenyewe.

Chukua makopo mawili. Kopo la kwanza liwe dume, la pili liwe jike. Tia katika kila kopo maharagwe mekundu 50 na meupe 50, uyachanganye. Haragwe jekundu ni jeni ya shaba, na jeupe ni jeni ya weupe. Jeni ni ile sehemu ya urithi ambayo mtoto huipokea kwa mzazi. Kila kifaranga hupata moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo huwa na jozi. Sasa fumba macho, utoe haragwe moja katika kila kopo. Jozi hiyo ndiyo kifaranga mmoja. Andika ulichopata, rudisha maharagwe, uchanganye tena, na uendelee hata upate vifaranga 100.

Utaona jozi za namna tatu. Kwa wastani 25 zitakuwa nyekundu tupu, 50 zitakuwa za mchanganyiko, na 25 zitakuwa nyeupe tupu. Na sasa jambo lenyewe: jeni ya shaba huishinda jeni ya weupe. Ndege mwenye moja ya shaba na moja ya weupe huonekana wa shaba kamili, wala jicho la mtu halimtambui. Weupe umo ndani yake umejificha. Hutokea nje tu kifaranga apatapo jeni mbili za weupe, moja kwa baba na moja kwa mama. Basi wazazi wawili wa shaba, kila mmoja akiwa na weupe uliofichika, huzaa kwa wastani watatu wa shaba kwa mmoja mweupe.

Aliyegundua kanuni hiyo hakufuga bata mzinga. Alikuwa mtawa, jina lake Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ambao leo ni wa nchi ya Cheki. Yeye alipanda njegere. Alichanganya zenye maua ya zambarau na zenye maua meupe, na kizazi cha kwanza chote kikawa na maua ya zambarau. Akapanda mbegu za kizazi hicho, na weupe ukarudi: mimea 705 ya zambarau, na 224 ya maua meupe. Gawanyeni wenyewe mwone kama si karibu tatu kwa moja. Aliyatangaza hayo katika mwaka 1866, lakini wataalamu hawakuyajali hata mwaka 1900, na Mendel alikuwa amekufa tangu 1884. Katika mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kanuni ile ile hutawala kuku. Hivyo ndivyo ilivyofika kwa ndege wa kufugwa.

Kisha mwalimu akanionyesha kosa katika maneno ya mzee, na kosa katika maneno yangu pia, maana mimi nilitaka kukimbia mara moja niseme, "Nkambo ameshinda!" Akasema, "Polepole. Vifaranga weupe wangeweza kupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza, mayai yalitoka kwa jike jeupe la mzee. Ya pili, dume jeupe la mzee lilimpanda jike la bibi yako. Ya tatu, wazazi wote wawili wa bibi yako wana weupe uliofichika. Angalia: hata katika njia ya pili, jike la shaba lazima liwe na weupe ndani, maana lingekuwa na shaba tupu, vifaranga wake wote wangeonekana wa shaba, hata baba akiwa mweupe. Ukitaka kujua kama njia ya tatu yawezekana, usibishane. Jaribu."

Katika kujaribu palikuwa na mtego, nao watu wengi hawaujui. Jike la bata mzinga likishapandwa mara moja huweka mbegu za dume mwilini na kuzitumia kurutubisha mayai kwa majuma mengi, hata kufikia majuma 10. Kwa hiyo kumtenga leo hakutoshi. Kwa bahati njema mzee alikuwa ameuza dume lake mwanzoni mwa Septemba. Tulijenga ua wa matete, tukawafungia humo dume na jike la Nkambo peke yao. Mayai ya mwanzo tuliyala. Katikati ya Novemba, majuma 10 yalipokwisha kupita, ndipo tulipoanza kuweka mayai ya kuatamiwa.

Nani awe shahidi? Mwalimu alisema shahidi bora ni yule asiyekusadiki. Basi nilikwenda kwa mzee, nikapiga magoti kama desturi, nikamwomba ufunguo wa ua akae nao yeye. Alinitazama kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," akasema, "nikiona neno la uwongo nitalisema mbele ya watu." Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Hilo ndilo tutakalo." Kila jioni alikuja, akafungua, na kila yai jipya akalitia alama ya masizi kwa kidole chake mwenyewe. Mayai yakawa 12.

Siku ya 28 iliangukia mwanzoni mwa Januari, mvua ikinyesha. Mzee alifika kabla hatujaamka. Vifaranga 10 walitoka, na maganda yote yalikuwa na alama yake. Wanane walikuwa wa hudhurungi. Wawili walikuwa wa manjano.

Mzee aliokota ganda moja, akaligeuza-geuza mkononi. Kisha akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaniambia nimweleze habari ya maharagwe. Nilimweleza tangu mwanzo hata mwisho, naye akaomba makopo ajaribu mwenyewe.

Sasa niseme kweli, maana hili ni gazeti la wasomi. Jaribio lile halikuthibitisha kwamba mayai ya mzee hayakuibwa. Lilithibitisha jambo dogo zaidi, yaani kwamba kifaranga mweupe si ushahidi wa wizi. Mkuu wa kijiji alilielewa hilo vizuri kuliko mimi. Alisema, "Shahidi alikuwa mmoja, nayo ni rangi. Shahidi huyo ameanguka. Bila shahidi hapana kesi." Mayai yale yaliliwa na nani? Kenge ni wengi kando ya ziwa, wala hawasemi.

Mzee alikuja kwa Nkambo mchana kweupe, watu wakiona, akamwambia, "Mama, nisamehe, nilitazama kwa macho peke yake." Akarudisha wawili kati ya wale watatu, maana mmoja alikuwa amechukuliwa na mwewe, na mahali pake akaleta jike lake mwenyewe jeupe. Ndege wanane waliuzwa Nchelenge. Nami nikarudi shuleni, nikiwa nyuma muhula mmoja, na makopo mawili sandukuni.

Tangu hapo nimeendelea kusoma habari za ndege huyu, na napenda kuongeza mambo mawili: juu ya rangi nyingine, na juu ya majina.

Rangi hazifuati zote njia ya weupe. Weusi mtupu huishinda shaba, hata ndege mweusi aweza kuficha shaba ndani yake. Wako wa kijivu, na jeni yao ya kijivu yenye nguvu huupunguza weusi kama maji yapunguzavyo wino. Wafugaji wao hushangaa wanapopata kifaranga mweusi, lakini ni kanuni ile ile: wazazi wawili wa kijivu waweza kuficha weusi. Na weupe wenyewe si rangi, bali ni kukosa rangi. Ndege mweupe huenda akawa na jeni za shaba, au nyeusi, au nyekundu, zote zimezimwa. Kwa hiyo weupe wawili wafananao waweza kuwa wa asili mbali mbali kabisa.

Njia ya ajabu ni ile iendayo pamoja na jinsia. Katika ndege, dume ana kromosomu mbili za Z, na jike ana Z moja na W moja. Binti hupata Z yake kwa baba tu. Iko rangi iitwayo Narragansett, yenye mistari ya kijivu na nyeupe mahali pa shaba, na jeni yake hukaa juu ya Z, nayo hushindwa na ya shaba. Ukimpa dume la Narragansett jike la shaba, watoto wote wa kiume watafanana na mama yao, wawe wa shaba, na mabinti wote watafanana na baba. Mtu asiyejua atasema hapa pana uchawi. Tena yuko Royal Palm, mweupe mwenye pindo nyeusi za kupendeza. Yeye huhitaji jeni za namna tatu zikutane, mojawapo ikiwa hiyo ya juu ya Z. Ukichanganya dume la namna hiyo na jike la shaba tupu, kisha ukawaunganisha watoto wao, kwa wastani kifaranga mmoja tu kati ya 32 atarudia sura ya babu. Robo mara robo mara nusu: fanyeni hesabu.

Na majina? Narragansett ni jina la ghuba katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Bourbon, mwekundu mwenye mabawa meupe, ameitwa kwa jina la wilaya katika jimbo la Kentucky. Wa kijivu huitwa kwa jina la kibao cha mawe walichoandikia watoto wa shule zamani. Wafugaji wa Marekani waliandika orodha yao ya kwanza ya namna hizi katika mwaka 1874, na miongoni mwake walikuwamo Shaba, Narragansett, Mweupe wa Uholanzi, Mweusi na wa Kijivu. Bourbon aliingizwa mwaka 1909, na Royal Palm mwaka 1971.

Lakini jina la ndege mwenyewe limepotea njia kuliko yote. Asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko walimfuga tangu kama miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania wakampeleka Ulaya baada ya mwaka 1500. Waingereza humwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki humwita "hindi". Wafaransa humwita "dinde", yaani wa Uhindi. Waholanzi humwita "kalkoen", kwa jina la mji wa Calicut. Wamisri humwita jogoo wa Rumi. Kila mmoja amempa sifa ya nchi ya mwenzake, na hapana aliyetaja Meksiko. Tusiwacheke, maana sisi nasi tuna bata bukini, na Bukini ni Madagaska. Tena jina lile la Kiingereza hapo kwanza lilitumiwa hata kwa ndege wetu kanga, na katika mwaka 1758 mtaalamu Linnaeus alimpa bata mzinga jina la ukoo Meleagris, ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa jina la kanga wa Afrika.

Kwa nini habari hizi ni za maana leo? Kwa sababu namna hizi za zamani zimekaribia kupotea. Viwanda vya nyama vilichagua ndege mmoja mweupe mwenye kifua kipana sana, kwa kuwa manyoya meupe hayaachi madoa juu ya ngozi. Kifua hicho ni kizito hata dume hawezi kumpanda jike, na mayai hurutubishwa kwa mkono wa mtu. Katika mwaka 1997 hesabu ilipofanywa Marekani, ndege wa kuzalisha wa namna zote za zamani walikuwa kama 1,300 tu. Watu wakaanza kuwafuga tena na kuwala tena, na baada ya miaka 9 wakazidi 8,000. Ndege wa Nkambo, waliopanda wenyewe, walioatamia wenyewe, na kujitafutia mchwa, ni wa jamaa hiyo ya zamani. Rangi iliyofichika ndani yao ni akiba. Mfugaji awachinjaye weupe kwa aibu, au wa shaba kwa kufuata desturi ya viwanda, anatupa akiba asiyoijua.

Basi, vijana, ninyi mtakaorudi likizo mwezi ujao, waulizeni bibi zenu ndege wao walinunuliwa wapi, na ndugu zao walikuwa wa rangi gani. Andikeni katika daftari. Wekeni alama juu ya mayai. Na mtu akishitakiwa kijijini kwenu kwa ushahidi wa kilichoonekana tu, kumbukeni makopo mawili ya maharagwe. Usilolijua ni usiku wa giza.

Nkambo amekwisha kutuacha. Ndege wapo bado pale Kafutuma, wa shaba kwa weupe, na ua wa matete nimeujenga upya mwaka huu. Mwalimu akija na wanafunzi wake kutazama, tutawakaribisha.